Sura ya Sita

Barua ya kumkatalia mkuu wa chuo ilikuwa ya tatu mwezi ule, na binti alikuwa ameichoka kabla hajaandika hata tarehe.

"Andika," baba yake alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho ameyafumba, mikono ameilaza tumboni kama mtu anayesubiri kunyolewa. "Nashukuru kwa heshima mnayotaka kunipa. Lakini maktaba ni ya wasomaji. Mkiipa jina langu mtakuwa mmewanyang'anya."

"Hayo uliyasema kwenye barua ya kwanza."

"Hawakuyasikia."

"Waliyasikia, Baba. Ndiyo maana walikuja hapa watu wanne wenye tai, wakamaliza birika mbili za chai, halafu wakanivuta pembeni wakaniomba nikubembeleze."

"Na wewe hukunibembeleza. Ahsante sana." Akatabasamu. "Malizia kwa wasalaam. Usiandike Profesa."

"Wewe ni profesa."

"Nilikuwa. Nimestaafu."

Akaandika bila Profesa, akachapa, akamshikisha kalamu, akamwekea kidole pale pa kutia sahihi. Alijua fika kwamba barua hiyo ataipeleka yeye, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kwamba katibu muhtasi wa mkuu wa chuo ataipokea kwa ncha za vidole na kumtazama kana kwamba yeye ndiye anayekataa.

Nje ya nyumba ile baba yake alikuwa mtu mwingine. Au tuseme alikuwa yule yule, ila watu ndio walikuwa wengine. Alifundisha historia chuoni miaka thelathini na miwili, akaandika vitabu tisa, na kwa miaka kumi na tisa makala yake ilitoka gazetini kila Alhamisi bila kukosa. Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka na watoto wa chekechea ni kipindi chake cha redio cha dakika kumi, ambacho kila wiki kilianza kwa maneno yale yale: kwa nini. Kwa nini maji yanakatika upande huu wa mji na si ule? Kwa nini fomu ya kuomba cheti cha kuzaliwa ina maswali mengi kuliko maisha ya mtoto mwenyewe? Watu wakambatiza Mzee Kwa Nini. Siku aliyouliza kwa nini wajawazito wanasimama juani kwenye vituo vya basi huku mabenchi mapya yamefungiwa katika bohari ya manispaa, mabenchi yalitoka kabla wiki haijaisha. Jaji mmoja alimnukuu katika hukumu. Kinyozi wa kona ya mtaa alitundika picha yake ukutani katikati ya mitindo ya nywele, ingawa Mzee mwenyewe hakuwa na unywele hata mmoja.

Naye sifa zilimwasha kama upupu. Akisifiwa alijikuna shingo, akatafuta mlango. Mara moja askari wa barabarani alimwona amesimama na bintiye ukingoni, akasimamisha magari pande zote mbili ili apite. Mzee alipoambiwa na binti kilichotokea, alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Akageuka, akarudi alikotoka. "Nitavuka zamu yangu ikifika," alisema. Madereva wakapiga honi, askari akabaki mkono juu asijue aushushe au la, na binti akabaki katikati ya lami ameshika kiwiko cha baba yake, akivutwa nyuma, jasho likimtiririka mgongoni. Kesho yake habari ilikuwa mji mzima: Mzee Kwa Nini kakataa kupendelewa! Hakuna aliyesema kwamba zamu yao ilichukua dakika ishirini, na kwamba alikuwa na mtu mwingine pale.

Unyenyekevu wa Mzee ulikuwa na kazi nyingi, na kazi hizo zote zilikuwa za binti. Mwaliko ukikataliwa, yeye ndiye anayeandika barua. Gari la kupelekwa hospitali likirudishwa, yeye ndiye anayetafuta usafiri mwingine. Mzee akigoma kupitishwa mlango wa nyuma wa kliniki ya macho, yeye ndiye anayedamka alfajiri kwenda kumshikia nafasi kwenye foleni, kwa sababu Mzee wa miaka sabini na tisa hawezi kusimama kwa saa nne.

Kabla ya hapo alikuwa msahihishaji wa gazeti. Alikaa miaka kumi na moja katika kile chumba cha nyuma ya matbaa, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda nukta zilizopotea na majina yaliyokosewa, na alikuwa hodari kiasi kwamba waandishi wakongwe walimwogopa. Kisha presha ya macho ikamwingia baba yake na nuru ikaanza kumwondoka kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yake aliishi mbali, akipiga simu kila Jumapili. "Msaidie Mzee, dada," kaka alisema. "Wewe ndiye uko karibu." Ni kweli alikuwa karibu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama alitaka kuwa mbali. Aliomba likizo ya mwezi mmoja kazini, na mwezi huo ukawa miaka minne.

Katika miaka hiyo minne waliandika kitabu cha kumi. Mzee alisema, binti akachapa, akamsomea, Mzee akabadilisha, binti akachapa tena. Kilihusu jinsi watu wa kawaida wanavyoendesha nchi bila kujua kwamba wanaiendesha. Sura tano za kwanza zilienda vizuri. Ya sita, iliyohusu foleni, ikawakwamisha.

Mzee alitaka kusema kwamba foleni ni dharau. Kwamba serikali inayowasimamisha wananchi juani inawaambia muda wao hauna maana, na foleni zote zifutwe. Binti alichapa kurasa tatu, akasimama.

"Si kweli," alisema.

"Nini si kweli?"

"Foleni si dharau tu. Baba, wewe hujasimama kwenye foleni miaka minne. Mimi ndiye ninayesimama. Unajua mle ndani kuna nini? Kuna mama anayejua nani kaja wa kwanza, wa pili, mpaka wa hamsini, bila karatasi. Kuna mzee akienda chooni watu watatu wanamshikia nafasi na hawamjui. Akija mjanja wa kupenya, hahitajiki askari. Watu wanamtazama tu mpaka anarudi nyuma. Mle watu wanatawalana vizuri kuliko ofisini. Dharau iko dirishani. Kwenye mstari kuna kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui kinaitwaje. Ni pale mtu anapojifunza kumwona aliye nyuma yake."

Walibishana wiki mbili. Mzee aliuliza maswali kama wakili. Binti alijibu huku akikoroga uji, akianika nguo, akimdondoshea dawa machoni. Siku ya kumi na tano Mzee alinyamaza asubuhi nzima, halafu akasema, "Futa zile kurasa tatu. Chapa ulichoniambia." Akachapa, kwa maneno yake, kwa mifano yake: mama wa kliniki, mzee wa chooni, mjanja aliyerudishwa kwa macho. Mzee aliongeza historia hapa na pale. Sura ya sita ikawa ndefu kuliko zote.

Kazi ilipokamilika ilibaki shukrani. Mzee aliitamka kwa furaha, maana hakuna alichokipenda kama kuwapa wengine sifa. Alimshukuru mlinzi wa lango la chuo aliyekuwa akimwazima gazeti. Alimshukuru fundi cherehani aliyemshonea koti lenye mfuko wa kutosha daftari. Alimshukuru mwanafunzi aliyempinga kwa barua ya kurasa kumi na moja, karani wa posta, mpiga chapa, kinyozi. Alimshukuru hata mtu aliyemwibia baiskeli, kwa kuwa alimlazimisha kutembea kwa miguu, na katika kutembea ndiko alikopata sura ya pili.

Binti alichapa, vidole vikikimbia, moyo ukimdunda kwa namna iliyomwaibisha. Alijua majina ya walio karibu zaidi huwekwa mwisho kwa makusudi. Akasubiri.

"Nukta," Mzee alisema. "Basi. Wako wangapi?"

Akahesabu. "Arobaini na mmoja."

"Nimemsahau mtu?"

Binti alitazama kioo cha kompyuta. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, ataombaje kushukuriwa?

"Sijui, Baba," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

"Basi wamekamilika."

Kitabu kilipotoka, kila mtu alisoma sura ya sita. Magazeti yaliichapa vipande vipande. Waziri aliinukuu bungeni, ingawa aliielewa kinyume. Kwenye kliniki ya macho, binti akiwa kwenye mstari saa kumi na moja alfajiri, mwanamke wa mbele yake alimgeukia: "Umesoma ya Mzee Kwa Nini? Yule baba ana akili! Kajuaje mambo yetu?" Binti akasema hajui.

Siku ya mkutano wa wasomaji ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa manispaa. Watu walijaa mpaka madirishani. Mzee alikataa kiti cha mbao kilichochongwa, akaomba cha plastiki kama cha wengine, na kwa kuwa vya plastiki vilikuwa vimekwisha, binti akatoa chake. Akasimama pembeni mwa jukwaa na fimbo ya baba yake kwapani na chupa ya maji mkononi.

Maswali yalikwenda saa nzima. Kisha akainuka muuguzi mmoja, mnene, mcheshi, bado yuko katika sare. "Mzee, samahani," alisema. "Mimi nipo dirishani pale kliniki mwaka wa saba. Wewe sijawahi kukuona kwenye foleni hata siku moja. Hii sura ya sita uliitoa wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee naye akacheka. Binti aliikaza mikono kwenye chupa. Sasa, alijiambia. Sasa atasema.

"Umenikamata," Mzee alisema. "Dada yangu, wazo lile si langu, na sitaki mnipe sifa isiyonihusu. Mimi ni mchukuzi tu. Wazo lile ni la watu wa kawaida. Nililiokota mitaani."

Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo ndiye mtu mkubwa!" Mzee alijikuna shingo, akaomba maji. Binti alimpa chupa. Ndani alikuwa akichemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Njia nzima Mzee alikuwa mchangamfu, akirudia maswali, akicheka peke yake. Walipofika nyumbani aliomba chai. Binti aliweka maji, akawasha jiko, akalizima.

"Baba," alisema kutoka mlangoni. "Mtaa gani?"

"Mtaa gani nini, mama?"

"Ulikoliokota. Nataka kuujua huo mtaa."

Mzee aliinua kichwa. Uso wake uliigeukia sauti, macho hayakufuata.

"Mimi ni kopo?" binti alisema. "Nimetupwa barabarani ukanikanyaga? Wiki mbili nilibishana na wewe hapa hapa. Yale maneno ni yangu. Mama wa kliniki nimemwona mimi. Umemshukuru mwizi wa baiskeli, Baba! Mwizi!"

"Mwanangu, hebu kaa."

"Sikai."

"Ningekutaja wewe," Mzee alisema polepole, "watu wangesema najipigia debe kupitia kwa binti yangu. Kukusifu wewe ni kujisifu mwenyewe. Mtu hausifu mkono wake. Wewe ni mimi."

"Hapo hapo," binti alisema, na sauti ikampanda bila ruhusa. "Hapo ndipo penye shida. Mimi si wewe. Wewe ukijipunguza, watu wanakupigia makofi. Ukinipunguza mimi, hakuna anayejua kama kuna kilichopungua. Unyenyekevu wako, Baba, unaulipia kwa mfuko wangu."

"Nilidhani tunafanya pamoja."

"Tulifanya pamoja. Hukusema pamoja. Ulisema mitaani."

Binti hakungoja jibu. Alimtengenezea chai, kwa sababu alikuwa ameiomba, akaiweka mezani pale mkono wake ulipozoea kufika, akaingia chumbani kwake.

Jumatatu alikwenda gazetini. Msahihishaji mkuu, bibi mkali mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alimtazama kutoka juu hadi chini. "Miaka minne," alisema. "Unafikiri nukta zimekungoja?" Kisha akamsogezea rundo la karatasi. "Kaa. Anza na ukurasa wa biashara. Wanaandika kama wamekatwa vidole."

Binti alipanga mambo ya nyumbani kwa uangalifu. Jirani, mama mtu mzima aliyestaafu ukunga, alikubali kumpa Mzee dawa za mchana na chakula. Kaka alipigiwa simu na kuambiwa kwamba tangu sasa wikiendi mbili za mwezi ni zake, aje kwa basi au kwa ndege, hilo ni shauri lake. Kaka akaanza kusema, "Lakini wewe ndiye uko..." Binti akakata simu. Kwa Mzee alisema neno moja tu: hatachapa tena.

Alhamisi makala haikutoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, pale mahali pake palikuwa na tangazo la magodoro. Na hapo binti alionja ukubwa wa baba yake kwa namna ambayo hakuwahi kuionja. Kinyozi alitoka nje na mashine ikinguruma mkononi: "Dada, vipi Mzee? Mbona hajaandika?" Muuza vocha alimuuliza. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimpigia simu, maana darasa la saba husoma makala ile kila Ijumaa. Mwanamke asiyemjua alimshika mkono barabarani akamwambia kwa upole wa kuudhi, "Mtunze sana, mwanangu. Yule si wako peke yako." Kila mmoja alikuwa na wasiwasi, na kila wasiwasi ulimwangukia yeye kama lawama. Alitamani kupanda juu ya kiti cha kinyozi na kupiga kelele kwamba Mzee ni mzima, anakula vizuri, na kwamba mikono iliyokuwa ikiandika imechoka.

Wiki ya pili, tena magodoro.

Wiki ya tatu, Jumanne mchana, msahihishaji mkuu alikuja na bahasha. "Hii imeletwa na jirani yenu," alisema. "Mhariri ameigeuza kila upande, hasomi kitu. Nami nimejaribu kwa miwani yote miwili. Wewe ndiye unayeujua mwandiko wake."

Zilikuwa karatasi saba. Mzee alikuwa ameandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito, bila kuona mistari. Sentensi zilipanda na kushuka, nyingine zimelaliana, nyingine zimetoka nje ya karatasi na bila shaka zikaendelea mezani. Binti alikaa nazo tangu saa saba mpaka saa kumi. Aliyakunjua maneno moja moja, kama mtu anayetenganisha nyuzi zilizosokotana, akayaandika upya kwa mkono wake.

Ilikuwa makala ya kukiri. Kwa nini nilidanganya, ndivyo ilivyoanza. Mzee alieleza kwamba sura ya sita haikutoka mitaani bali kwa binti yake, na kwamba alimficha kwa kuogopa kuonekana anajisifu.

Machozi yalimlengalenga binti. Akaendelea kusoma, na kadiri alivyosoma machozi yakarudi yalikotoka. Kwa sababu baada ya mistari ile miwili, Mzee alijigeukia mwenyewe. Aya nzima juu ya woga wake. Aya nyingine juu ya kiburi kinachovaa nguo za unyenyekevu. Nyingine ilirudi utotoni, kwa baba yake mwenyewe. Alijichapa bakora aya nane, na kila bakora ilikuwa na sentensi nzuri. Watu watalia, binti aliwaza. Watasema, huyo ndiye mtu mkubwa. Na mimi nitakuwa nimesimama tena pembeni na chupa ya maji.

Aliziweka karatasi zote kwenye mkoba, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Alizitambua hatua zake. "Umeisoma," alisema. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino mpaka viganjani.

"Nimeisoma."

"Nimesema kweli?"

"Umesema kweli mistari miwili. Iliyobaki ni wewe."

"Ni mimi ninayetubu!"

"Ndiyo. Unatubu kwa aya nane, na mimi nina mistari miwili. Baba, hata ukikosa, unakuwa shujaa wa kosa. Mimi sikuomba watu wakuonee huruma. Nataka wajue nilifikiri kitu, na wakitaka kunipinga, wajue pa kunipata."

Mzee aliegemea nyuma. Mshipa wa kipaji cha uso ulimtutumka, na binti alidhani amemkasirisha. Labda kweli alikuwa amekasirika. "Kwa hiyo hata kutubu sijui," alisema.

"Hujui."

"Unakata nini?"

"Aya ya tatu mpaka ya kumi."

"Ya babu yako nayo?"

"Hasa ya babu."

"Ile ndiyo nzuri kuliko zote!"

"Ndiyo maana."

Walibishana mpaka jirani akaleta chakula, akasikiliza kidogo mlangoni, akarudi nacho kukipasha moto. Mzee alipigania sentensi moja moja. Alisema anamkata ulimi. Binti alisema anamkata ndevu tu. Mwishowe Mzee akapiga magoti yake kwa viganja vyeusi. "Haya, kata," alisema. "Lakini nafasi inayobaki usiiachie magodoro. Ijaze wewe. Kama wazo ni lako, litetee. Na usitegemee nitakubaliana nawe. Bado nasema zifutwe."

"Utasema lini kwamba ni langu, Baba? Kwa mdomo, si kwa wino."

Mzee alivisugua vidole vyake vyeusi. Binti aliona jinsi neno hilo lilivyomgharimu mtu huyu, ambaye maishani hakuwahi kutamka neno zuri juu ya kitu chochote chake.

"Ni lako," alisema. "Na ni zuri. Nilikuonea wivu siku ile ya kumi na tano, mama. Nilinyamaza asubuhi nzima kwa sababu ya wivu."

Binti alitafuta hasira yake, akaikuta bado ipo, ila imekaa chini.

Alhamisi gazeti lilitoka na mistari sita ya Mzee, na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, makala ya binti, na jina lake limeandikwa kamili. Mchapishaji aliahidi kwamba toleo la pili la kitabu litasema sura ya sita ni ya nani. Liliposema, lilisema kwa herufi ndogo za chini ya ukurasa, na binti akampigia simu mara tatu mpaka toleo la tatu likarekebishwa.

Hakurudi kuchapa. Kaka, baada ya wikiendi mbili za kudondosha dawa machoni na kukosea jicho, alipata haraka mpiga chapa aliyestaafu mahakamani, baba mmoja mpole ambaye kila Mzee akitamka sentensi ndefu humwambia, "Mheshimiwa, hapo shahidi amechoka," na kuikata. Makala zinafika gazetini zimejaa makosa. Binti anazisahihisha pamoja na za wengine, kwa kalamu ile ile nyekundu, na Mzee hulalamika wakati wa chakula kwamba amemwondolea utamu. Jina lake kwenye maktaba bado anakataa. Barua ya nne aliiandika yule wa mahakamani, na mkuu wa chuo anasemekana kuifananisha na hati ya kuitwa shaurini.

Wiki moja baada ya makala ya binti kutoka, msahihishaji mkuu alimrushia bahasha mezani. Ilikuwa imeandikwa jina lake, si la baba yake. Ndani mlikuwa na barua ya karani wa ofisi ya vitambulisho, kurasa nne mbele na nyuma. Karani alisema amekaa dirishani miaka kumi na sita, na kwamba binti ameandika juu ya foleni akiwa upande wa nje tu wa kioo. Yeye wa ndani anaona mengine: anaona wale watatu wanaomshikia mzee nafasi wakimsukuma mama mwenye mtoto mgongoni. Anaona macho yale yanayomrudisha mjanja yakimrudisha pia mgeni asiyejua lugha. Alimaliza kwa kusema kwamba binti amekosea, tena amekosea vibaya.

Binti aliisoma amesimama. Damu ilimpanda usoni. Huyu aliyejifungia ofisini na feni, atamfundisha yeye foleni? Akaisoma tena, na mara hii alipofika kwa yule mgeni asiyejua lugha alikwama, kwa sababu aliwahi kumwona mtu wa namna ile akirudishwa nyuma, naye akatazama pembeni.

"Mbaya?" msahihishaji mkuu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ananipinga."

"Utamjibu?"

Ukurasa wa biashara ulikuwa bado haujasomwa, na matbaa ilikuwa inangoja. Binti aliusukuma kando kwa kiwiko, akavuta karatasi tupu, akaandika jina la karani juu yake.